Injini Iko Diff, Bodi Iko Galbet

9 Septemba

Miaka ishirini na sita nimewaagiza wanafunzi wa kidato cha tatu waandike shajara, na miaka yote hiyo nimewakata alama kwa kuniletea "niliamka, nikanywa chai, nikaenda shule." Leo niliamka, nikanywa chai, nikaenda shule. Sina haki ya kumkata mtu alama tena.

Kilichonifanya nifungue daftari hili ni sekunde ishirini na mbili. Kaka yangu Barre anaishi Diff, kule mpakani, na kwa kuwa hakusoma, hutuma ujumbe wa sauti kwenye kikundi cha ukoo katika simu. Leo alikuwa akimpongeza binamu yetu wa Lafey aliyepata mtoto. Mimi na Barre hatujazungumza kwa miaka kumi na moja, kwa hiyo humsikiliza kama redio: nasikia, sijibu. Lakini leo nyuma ya sauti yake palikuwa na kitu kinagonga. Tu-tu-tuk. Tu-tu-tuk. Pigo la tatu linachelewa kidogo, kama mzee anayepanda ngazi.

Hiyo ni injini ya pikapu ya baba.

Nimeusikiliza ujumbe huo mara kumi na nne. Mtoto aliyezaliwa, sijui hata kama ni wa kike au wa kiume.

10 Septemba

Nimetoka uani kuitazama. Ipo palepale kando ya ukuta, juu ya mawe manne, Landkruza ya mwaka wa themanini na mbili. Zamani ilikuwa na rangi ya maziwa. Sasa ni rangi ya chai iliyomwagika. Mbuzi wawili wa jirani yangu, Eddo Habibo, walikuwa wamelala juu ya boneti. Hao ndio abiria wangu wa miaka yote hii, na hawajawahi kulalamika kwamba tunachelewa.

Nieleze kwa faida ya msomaji, ambaye ni mimi. Baba yetu, Mzee Warfa, alipofariki, tuligawana mifugo kwa sheria ya dini bila mtu kuinua sauti. Pikapu ikatushinda. Mwisho wake nikabaki na bodi hapa Galbet, Garissa mjini, na Barre akaondoka na injini na gia boksi, safari ya siku nzima ya mchanga, akaifunga kwenye pampu ya kisima chake. Na ufunguo pia akachukua. Injini naelewa. Ufunguo wa nini? Kisima kina mlango?

11 Septemba

Hakuna jambo. Nimepika wali wa watu wawili tena. Mkono haujajifunza.

13 Septemba

Nimeamua kuitengeneza. Usiniulize kwa nini.

Binti yangu Fowsiya aliuliza, kwa simu kutoka Nairobi. "Aabo, itaenda wapi bila injini?"

"Kwani mimi ninayo injini, nimeenda wapi?"

Hakucheka. Tangu mama yake afariki, miaka miwili sasa, mzaha wangu wa aina hiyo humfanya anyamaze, kisha anaulizia dawa zangu za presha. Nikamwambia nimekunywa. Nilikwenda kuzinywa baada ya kukata simu.

16 Septemba

Nimesugua kutu kwa brashi ya waya kuanzia alasiri hadi magharibi. Nimesafisha kipande kinachotosha kiganja. Kwa kasi hii nitamaliza nikiwa na umri wa miaka mia moja na nne.

20 Septemba

Nimemleta Nunow, fundi mwenye gereji karibu na soko la Suq Mugdi. Alizunguka gari mara mbili, akainama, akasonya, akachomoa waya mmoja kutoka chini ya dashibodi. Umetafunwa na panya hadi shaba.

"Mwalimu, hili si gari tena. Hili ni mahame."

"Linatengenezeka?"

"Kila kitu kinatengenezeka. Injini iko wapi?"

"Diff."

"Inafanya nini Diff?"

"Inanywesha ng'ombe."

Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa. Kisha akaomba kikombe cha chai, akakaa na mimi hadi adhana. Nilifurahi kuliko inavyofaa mtu mzima kufurahi kwa kutembelewa na fundi.

27 Septemba

Leo nusura ifanyike dhambi. Nunow alikuwa akijaza mabonde ya bati kwa bodifila. Nikatoka jikoni na birika, nikamkuta ameuelekea mlango wa dereva, mwiko umejaa.

"Huo acha!"

"Mwalimu, kuna mkwaruzo mbaya hapa. Mtu alilipiga hili gari kwa patasi."

Mtu huyo ni baba. Gari lilipofika nyumbani mara ya kwanza, alichukua patasi na nyundo akauchonga mlango alama ya ukoo wetu, ileile inayochomwa kwa chuma cha moto kwenye shingo ya ngamia wetu. Alisema chombo kisicho na alama ni chombo kilichopotea. Nunow ni Msomali wa lami, alizaliwa nyuma ya stendi; hajawahi kumfuata ngamia hata hatua kumi. Alama ya ukoo yeye huiita ajali.

Eddo Habibo alikuwa amesimama langoni na madebe yake ya maziwa ya ngamia. Mama huyu hunisemesha Kisomali siku zote. Kiswahili hukitoa anapotaka kunitukana rasmi, kwa kuwa ndicho kazi yangu.

"Mwalimu," akasema, "wewe nachunga chuma. Chuma hakuna maziwa."

"Lakini haliugui, Eddo."

"Haliugui? Angalia hiyo! Imekufa tayari!"

Akacheka hadi madebe yakagongana. Akaniachia kikombe cha maziwa juu ya ukuta, kama anavyofanya kila siku, akaenda zake.

1 Oktoba

Breki za nyuma. Mikono imechubuka. Nimesahihisha insha arobaini na vidole vyenye grisi. Mwanafunzi mmoja ameniuliza kama doa lile ni alama ya vema.

4 Oktoba

Nunow amepata injini nyingine, nzima kabisa, kutoka gari lililopinduka barabara ya Modogashe. "Tunaipachika wiki ijayo. Dizeli ni dizeli, Mwalimu."

Ni kweli. Nikamwambia nitafikiria. Nimefikiria mchana kutwa, na ninachofikiria ni lile pigo la tatu linalochelewa.

10 Oktoba

Niandike haraka, kwa sababu nikichelewa nitaipamba.

Leo ni Ijumaa. Baada ya sala niliingia ndani ya pikapu kung'oa dashibodi. Nikavuta kijidroo cha majivu ya sigara. Hakuna mtu katika ukoo wetu anayevuta. Baba alikitumia kuwekea mswaki wa mti. Kilikuwa kimekwama. Nikakipiga kwa bisibisi, kikatoka chote, na kikamwaga mapajani mwangu vipande vya mswaki vilivyotafunwa hadi kuwa nyuzi. Namjua mtu mmoja tu aliye hai anayetafuna mswaki namna hiyo, kama mbuzi aliyekasirika. Na chini ya nyuzi, ufunguo.

Ufunguo wa pikapu. Ule aliouchukua Barre.

Nilikaa pale mpaka jua likahamia dirisha la pili.

Arbia, mke wangu, alizikwa siku ya Jumanne. Tacsi, yaani matanga, ilikuwa siku tatu, uani humu, mahema na mikeka na watu kutoka kila pande. Barre hakuwepo. Siku ya nne, mahema yamekwisha kung'olewa, nikasikia sauti yake langoni. Nilikuwa chumbani. Niliitikia salamu yake kupitia dirishani na nikasema apewe chakula. Sikutoka. Nilijiambia amehesabu siku makusudi, asikutane na watu. Eddo Habibo ndiye aliyempakulia. Baadaye aliniambia, "Ndugu yako alikaa ndani ya lile gari hadi alasiri, peke yake, halafu akapanda lori." Sikumuuliza kitu. Nilikuwa mtu wa kuhurumiwa wiki ile, na mtu wa kuhurumiwa haulizwi maswali, wala yeye hajiulizi.

Kumbe alikuja na ufunguo mfukoni. Alikuja kunipa. Sikutoka, akauacha mahali ambapo baba angeuacha.

Na hizo siku nne? Leo ndipo nimezihesabu sawasawa. Kutoka Diff bila gari ni malori, na malori ni kusubiri. Yeye alikuwa na injini, mimi nilikuwa na bodi, na kati yetu hatukuwa na gari la kumfikisha ndugu mazishini.

Bado sijaandika lenye uzito. Nimesema hapo juu, tarehe kumi ya mwezi uliopita, "mwisho wake nikabaki na bodi," kama mvua iliyonyesha yenyewe. Haikunyesha yenyewe. Wazee kumi na mmoja walikaa katika ua huu. Walitaka mmoja wetu achukue gari, mwingine afidiwe. Barre akasema alihitaji gari kwa mifugo, na kwamba mimi nina kazi ya kivulini. Neno la kivulini likanichoma. Nikasimama, mwalimu wa lugha, mtu anayependa sentensi inayowageuza watu shingo, nikasema: "Basi na tuigawe kama ngamia aliyechinjwa. Yeye achukue moyo, mimi nichukue ngozi."

Wazee walicheka. Barre hakucheka. Kwa Barre, neno lililosemwa mbele ya wazee limekwisha kuamuliwa. Asubuhi alikuja na spana, na jasho likimtoka akafungua boliti moja moja, akachukua moyo kama nilivyoagiza. Mimi nilisimama mlangoni nikimtazama, na kwa miaka kumi na moja nimewaambia watu kwamba kaka yangu alilinyofoa gari la marehemu baba.

Chai imepoa. Sijali.

11 Oktoba

Nimemwambia Nunow aiuze ile injini nyingine. Akasema, "Mwalimu, unanichosha." Nikamwambia hata mimi najichosha.

12 Oktoba

Nimeandika barua. Nikakumbuka Barre hasomi. Hata hivyo niliisahihisha kwa kalamu nyekundu na kujipa alama kumi na moja kwa ishirini: mapambo mengi, msamaha haba.

13 Oktoba

Nimeaibika, na aibu yenyewe ni ya kimataifa.

Baada ya alasiri nilirekodi ujumbe wa sauti kwa Barre. Wa kwanza nikaufuta, wa pili nikaufuta, wa saba nikautuma. Nilisema: "Barre, walaal, ndugu yangu. Ni Bishar. Ufunguo nimeuona. Maneno ya ngamia yalikuwa yangu, si yako. Nilikosa siku ile, na siku uliyokuja kwa Arbia nilikosa zaidi. Naitengeneza pikapu. Ningependa injini irudi, hata kwa siku chache, nisikie tu ikinguruma hapa uani. Hapa pamekuwa kimya sana."

Nikaweka simu chini. Ikaanza kulia. Abti wangu, mjomba wa Lafey. Binamu wa Wajir. Mtu wa Minnesota ambaye sikujua yu hai. Nilikuwa nimeutuma kwenye kikundi cha ukoo. Watu sitini na watatu.

Nikahangaika kutafuta pa kufuta, nikabonyeza, na nikajitoa mwenyewe kwenye kikundi.

Fowsiya akapiga, analia au anacheka, sikuelewa. "Aabo, umetubu mbele ya ukoo mzima halafu ukakimbia!"

Amenirudisha. Barre amekwisha kuusikiliza, alama ipo. Hajajibu.

14 Oktoba

Hakuna.

15 Oktoba

Hakuna. Jua kali. Nimepaka breki rangi, jambo lisilo na maana yoyote.

17 Oktoba

Barre ametuma ujumbe kwenye kikundi, kuhusu fisi aliyeingia zizini. Fisi peke yake. Injini ilikuwa nyuma, tu-tu-tuk. Nimemchukia fisi yule.

18 Oktoba

Eddo Habibo ameusikia ujumbe wangu. Mpwa wake yumo kikundini. Aliweka kikombe juu ya ukuta, na mara hii hakuondoka.

"Ulimkosea mbele ya watu," akasema kwa Kisomali. "Umemwomba mbele ya watu. Hiyo ndiyo njia."

"Ilikuwa bahati mbaya, Eddo. Nilikosea kubonyeza."

"Basi kidole chako kina akili kukushinda."

22 Oktoba

Amejibu. Kwangu mimi, si kikundini. Nanakili neno kwa neno:

"Bishar. Nimesikia. Kisima kina foleni ya siku tatu. Watu wamekuja na ng'ombe kutoka mbali. Nikiizima injini, watakufa huku wananitazama. Mvua ikinyesha na maji yakasimama juu ya ardhi, nitaifungua. Kwa mkono wangu, si wa mtu mwingine."

Si neno la ndiyo, si la hapana. Ni la mvua.

25 Oktoba

Shule imefungwa, wamebaki watahiniwa tu. Mawingu yamepita upande wa mto, yakaenda zao.

29 Oktoba

Hakuna wingu. Naomba mvua kila sala, na kwa mara ya kwanza maishani naomba inyeshe mahali nisipokuwapo.

2 Novemba

Imenyesha Garissa. Nilisimama uani nikiwa nimeudhika. Nani aliiomba hapa?

Kiti cha pikapu kimeloa. Nilipokigeuza, niliona springi mbili zimefungwa upya kwa ukanda wa ngozi, fundo la mchungaji. Nunow hajagusa kiti. Mimi sijui fundo hilo. Siku ile mtu alishinda humu ndani na hakuweza kukaa bure.

7 Novemba

Ujumbe, sekunde tatu: "Imenyesha Diff."

Nyuma ya sauti yake hakukuwa na kitu. Ni mara ya kwanza namsikia Barre bila injini. Sauti yake imekuwa ya mzee.

10 Novemba

Imepakiwa juu ya lori. Anakuja nayo mwenyewe. Nimefua mashuka. Nimenunua sukari ya mtu anayekunywa chai kama Barre, yaani ya familia.

11 Novemba

Mvua.

12 Novemba

Mvua. Lori limezama tope kwenye laga moja ng'ambo ya Dadaab. Mkondo ulio mchanga mtupu miezi yote, sasa ni mto. Nilitaka mvua, nikapewa na tope lake.

14 Novemba

Abiria wengine wamevuka kwa kamba na kwenda zao. Wamelipunguzia lori mzigo. Injini iko chini. Nimempigia. "Acha injini, vuka wewe."

"Unamwacha ngamia aliyeshindwa kuinuka?"

"Ni injini, Barre."

"Moyo, ulisema."

Akakata. Sijui kama alikuwa akicheka.

16 Novemba

Anaketi nayo. Simu yake haina chaji siku zote. Nyumba hii haijawahi kuwa kubwa hivi.

18 Novemba

Nimekwenda.

Nilipanda Probox ya abiria hadi Dadaab, kisha bodaboda ambaye alinitoza matusi kila tulipoanguka. Nilibeba chupa ya chai na vikombe viwili. Adhuhuri nikafika ukingo wa huku.

Maji yalikuwa ya kahawia, upana wa kama hatua hamsini, yakibeba vichaka vizimavizima. Ng'ambo, lori limelala ubavu. Kando yake turubai, chini ya turubai kitu kimefunikwa kwa mkeka, na juu ya mkeka mtu ameketi na mwavuli. Nilipaza sauti hadi koo likauma. Maji yalimeza yote. Nikapiga simu, nikamwona akipapasa mfuko.

"Ni wewe huyo mnene?" akasema.

"Ni mimi. Ni wewe huyo mzee?"

"Umeleta nini?"

"Chai."

"Itanifikiaje?"

Nikatazama maji. "Sikufikiria."

"Hujawahi."

Tukabaki, kila mmoja na simu sikioni, tukitazamana. Uso wake sikuuona vizuri, nilimjua kwa namna anavyokaa, goti moja juu, kama baba.

"Arbia," akasema. "Nilichelewa."

"Najua."

"Malori matatu nilipanda. Moja lilivunjika ekseli."

"Najua, Barre."

"Hukutoka."

"Sikutoka. Nilikuwa macho. Nilisikia kila ulichosema langoni. Nilikusikia ukiuliza kama ninakula."

Mwavuli ukainama. Muda mrefu nilisikia maji tu, mara mbili: kwa sikio hili kutoka mbele yangu, kwa sikio lile kutoka kwake.

"Nisamehe," nikasema.

"Kunywa chai," akasema. "Inapoa."

Nikakaa kwenye tope na suruali yangu ya shule. Nikamimina vikombe viwili. Kimoja nikanywa, cha pili nikakiweka kando yangu juu ya jiwe, upande wake. Aliona. Aliinua mkono mtupu kuelekea kinywani, polepole, kama mtu anayeogopa kuungua.

Yule wa bodaboda aliniuliza njiani nilikuwa nikiongea na nani. Nikamwambia ndugu yangu. Akasema, "Pole, mzee."

23 Novemba

Maji yamepungua. Trekta imewavuta.

24 Novemba

Yuko hapa. Amelala chumba cha mbele, mchana, miguu nje ya kitanda, anakoroma pigo la tatu likichelewa. Sina la kuandika. Nimekaa nikisikiliza.

29 Novemba

Barre na Nunow wamegombana siku nne mfululizo na wanapendana. Nunow alisema bomba la dizeli limepachikwa kinyume, Barre akamwambia, "Kijana, injini hii imenywesha ng'ombe wengi kuliko watu uliowahi kuwasalimu." Mimi ninashika taa na kupitisha spana isiyotakiwa.

Kabla ya yote, alipoingia langoni, Barre alikwenda mlango wa dereva, akapitisha kidole ndani ya alama ya baba. Nunow aliangalia pembeni.

1 Desemba

Imewaka. Ilikohoa moshi mweusi, mbuzi wakaruka ukuta, na ikashika. Tu-tu-tuk. Niliingia jikoni kutazama birika ambalo halikuwa motoni.

5 Desemba

Tumezunguka Galbet nzima. Eddo Habibo alikaa mbele kama bibi harusi, madebe mapajani, akiwasalimu watu asiowapenda. Mimi nilikaa nyuma na mbuzi.

9 Desemba

Barre anaondoka kesho kwa lori. Tulikuwa tunakunywa chai aliposema, "Unaelewa, sikukupa. Ni irmaansi."

Naelewa. Mtu akikaukiwa, ndugu yake humpa ngamia mwenye maziwa amkamue msimu mmoja, akapate nguvu. Ngamia habadilishi mmiliki. Kiangazi kikianza, hurudi.

"Madimbwi yakikauka nitakuambia," akasema. "Utamleta."

Sikuuliza nani aliyekaukiwa.

11 Desemba

Wali wa watu wawili.

19 Desemba

Kila asubuhi naiwasha kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Eddo Habibo anasema nimekuwa na mke mwenye kelele.

30 Desemba

Ujumbe: "Madimbwi yamekauka. Ng'ombe wamerudi kisimani."

31 Desemba

Nimefikiria kusingizia breki. Nimefikiria kufungua kwa shule, presha yangu, barabara. Barre hawezi kuja kuichukua. Nikikaa kimya itabaki. Nilirekodi uongo mzuri wa sekunde kumi na tano, wenye mpangilio, nikausikiliza, nikajipa sifuri. Kisha nikawauliza mbuzi. Nikajaza tangi.

1 Januari

Nimeendesha peke yangu kutoka alfajiri. Pale kwenye laga, mchanga mkavu, nikasimama. Jiwe lipo. Nikavuka.

Foleni ya ng'ombe niliiona kabla ya kukiona kisima. Barre alikuwa amesimama mbele yake na spana mkononi, hakuonekana kama mtu aliyekuwa na shaka. Tuliifungua pamoja, boliti kwa boliti. Mara hii sikusimama mlangoni.

3 Januari

Bodi nimeiacha Diff, kando ya kisima. Haina maana ngozi ikae Garissa na moyo huku. Msimu wa mvua Barre ataivalisha injini bodi yake, kiangazi ataivua. Ufunguo nimeurudisha kwenye kijidroo cha majivu. Nimepanda lori.

8 Januari

Shule imefunguliwa. Uani yamebaki mawe manne na doa la mafuta. Mbuzi wa Eddo Habibo wamesimama kila mmoja juu ya jiwe lake, wananitazama kana kwamba nimeuza basi lao.

Leo asubuhi umekuja ujumbe wa sauti, kwangu peke yangu, sekunde arobaini. Barre hakusema neno. Aliishika simu karibu na injini tu, na nyuma yake ng'ombe wakinywa.

Nimeusikiliza mara moja. Ilitosha. Kisha nikapika wali.